Kitufe Kilichofunikwa: Madoido ya Picha, Vivinjari Vikongwe na Siasa ya Viwango

Mwaka 2008 nilimsindikiza mpwa wangu kwenye kafe moja ya intaneti, jirani na stendi ya mabasi, ili aombe nafasi ya masomo. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, na chuo husika kilikuwa kimetangaza kwa fahari kwamba safari hii hakuna karatasi. Kila kitu kwenye tovuti. Alijaza fomu kwa saa nzima: majina, matokeo, anuani ya posta ya shule aliyosoma. Hatimaye akafika chini kabisa, mahali palipokuwa na kitufe cha kijani chenye kona za mviringo na kivuli laini kilichofifia taratibu pembeni. Kitufe kizuri kweli. Akakibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena na tena. Mshale wa kipanya haukugeuka hata kuwa kidole.

Fundi wa kafe, kijana mwenye subira ya kuzoea shida za watu, aliinama akatazama. "Mwalimu," akaniambia, "kitufe kipo, ila kimekufa. Tovuti hii haipatani na mashine hii." Kati ya mashine kumi za pale ni moja tu iliyokuwa na Firefox, nayo ilikuwa na mtu. Tulisubiri, tukahamia, tukaanza fomu upya, tukalipia saa ya pili. Kitufe kikaitika. Binti aliyekuwa mashine ya tatu, akiomba nafasi katika chuo hicho hicho, alikuwa ameshaondoka. Hakuwa na nauli ya kurudi jioni wala fedha ya saa ya pili.

Kwa muda mrefu nililihesabu tukio lile kuwa mkosi wa kawaida wa mitambo. Kazi yangu ni historia, si kompyuta. Miaka kadhaa baadaye mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi kwa kutengeneza tovuti, alinieleza kilichokiua kile kitufe, na nikatambua kwamba ndani ya maelezo yake mlikuwa na mambo ninayoyafundisha kila siku: hataza, ukiritimba, mahakama, na serikali zilizofunga mikataba ya miaka mingi bila kusoma alama za nyakati. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nisimulie historia ya jambo linaloonekana dogo mno, yaani madoido ya picha: kivuli, ukungu, uangavu, picha ya rangi inayogeuzwa kuwa ya kijivu. Nasimulia pia jasho lililomwagika ili madoido hayo yaonekane katika vivinjari vya zamani.

Tuanze na picha yenyewe. Wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee kule CERN haikuwa na picha ndani ya maandishi. Februari 1993 Marc Andreessen, akiwa bado kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipendekeza katika orodha ya barua pepe ya wavuti alama mpya ya kuingiza picha kwenye ukurasa. Wenzake walikuwa na mawazo mengine, baadhi yakiwa mapana zaidi na pengine bora zaidi, lakini Andreessen na wenzake wa kivinjari cha Mosaic hawakungoja mwafaka. Waliitengeneza, wakaisambaza, ikawa desturi. Msomaji aishike hiyo tabia, maana itajirudia: anayetangulia kusambaza ndiye anayeandika kanuni, na wengine hubaki kuhalalisha.

Picha za siku hizo zilikuwa nyingi za aina ya GIF, iliyobuniwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. GIF ilikuwa na rangi 256 tu, na uangavu wake ulikuwa wa ndiyo au hapana: pikseli ama inaonekana yote ama haionekani kabisa. Hapakuwa na nusu. Kivuli laini, ambacho asili yake ni kufifia hatua kwa hatua hadi kupotea, hakikuwezekana. Na zaidi ya hilo, mwishoni mwa Desemba 1994, kampuni ya Unisys na CompuServe zilitangaza kwamba mbinu ya kubana data iliyokuwa ndani ya GIF, iitwayo LZW, ilikuwa na hataza ya Unisys, na kwamba waandishi wa programu za GIF wangepaswa kulipa. Watu walikuwa wameitumia kwa miaka saba wakidhani ni mali ya umma.

Hasira iliyofuata ilizaa kitu chema. Siku chache tu baadaye, Januari 1995, Thomas Boutell aliandika katika jukwaa la majadiliano la intaneti pendekezo la aina mpya ya picha, na kikundi cha watu wa kujitolea kikalichukua na kulikamilisha. Ndiyo PNG, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Oktoba 1996. Haikuwa na hataza. Na ilikuwa na jambo ambalo GIF haikuliota: kila pikseli ingeweza kuwa na kiwango chake cha uangavu, hatua 256 kutoka kutoonekana kabisa hadi kuonekana kamili. Kivuli laini kilikuwa kimepata makazi. Kilichobaki ni vivinjari kukubali kukionyesha.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Mwaka 1997 Microsoft ilikuwa vitani na Netscape, na silaha yake ilikuwa Internet Explorer. Toleo la 4, lililotoka mwaka huo, lilikuja na kitu kilichoitwa vichujio vya madoido. Fundi aliandika mstari mmoja mfupi na picha ikageuka ya kijivu, au ikapata ukungu, au kivuli, au ikapinduliwa kama kwenye kioo. Mwaka 1997! Leo tunawafundisha wanafunzi kwamba Internet Explorer ilikuwa kivinjari kilichochelewa kila jambo, na kwa habari ya miaka ya baadaye ni kweli, lakini katika madoido ya picha kilitangulia. Wengine walihitaji takriban miaka 15 kufikia pale.

Tatizo lilikuwa kwamba vichujio vile vilikuwa lugha ya nyumba moja. Vilitegemea mitambo ya DirectX iliyokaa ndani ya Windows. Mwenye Netscape hakuona kitu. Mwenye mashine ya Unix hakuona kitu. Na aliyejenga tovuti yake kwa vichujio hivyo alikuwa, bila kujua, amejenga kwenye kiwanja cha mtu. Waswahili tunajua maana ya kupanda minazi katika shamba lisilo lako.

Serikali ya Marekani iliona hatari, ingawa kwa jicho la biashara na si la picha. Mei 1998 Wizara ya Sheria pamoja na majimbo kadhaa ziliishtaki Microsoft kwa kutumia ukiritimba wa Windows kuwaziba wapinzani. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru Juni 2000 kampuni igawanywe mara mbili. Juni 2001 Mahakama ya Rufaa ilitengua mgawanyo huo, ingawa ilikubali kwamba Microsoft ilikuwa imeulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Kufikia hapo Netscape ilikuwa imeshauzwa kwa AOL, na vita vilikuwa vimekwisha. Miezi miwili baada ya hukumu ya rufaa, Agosti 2001, ikatoka Internet Explorer 6. Oktoba ikaja Windows XP, nayo ikakibeba kivinjari hicho hadi kila kona ya dunia, pamoja na zile mashine kumi za stendi ya mabasi.

Kisha mshindi akalala. Toleo la 7 halikutoka hadi Oktoba 2006, miaka mitano kamili. Kwa kiwango cha fani hiyo, miaka mitano ni kama utawala wa wafalme watatu. Na muda wote huo Internet Explorer 6, iliyokuwa mikononi mwa idadi kubwa kabisa ya watumiaji duniani, haikujua kuonyesha uangavu wa PNG. Picha yenye kivuli laini ilionekana ikiwa na kisanduku cha kijivu kilichokauka nyuma yake, kama plasta iliyobandikwa vibaya.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo. Mtu anaweza kusema: teknolojia ilikuwa bado changa, tusilaumu. Lakini Machi 2000 Microsoft hiyo hiyo ilitoa Internet Explorer 5 kwa ajili ya kompyuta za Apple, iliyotengenezwa na kikosi kingine chini ya Tantek Çelik, nayo ilionyesha uangavu wa PNG barabara. Kampuni ileile, jina lilelile, mwaka mmoja na zaidi kabla ya toleo la 6. Hivyo uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ya kuutumia, kwa maana kwenye Windows hapakuwa tena na mshindani wa kuogopa. Kuchelewa kwa namna hii ni zao la ukiritimba, na tusiuite bahati mbaya.

Kwa hiyo kazi ya kuziba pengo ikawaangukia mafundi. Katika toleo la 5.5 la mwaka 2000 Microsoft ilikuwa imeongeza kichujio kimoja kilichoitwa AlphaImageLoader, ambacho kiliweza kuipakia picha ya PNG kwa mlango wa nyuma na kuuheshimu uangavu wake. Mafundi wakakivumbua kama ufa ukutani. Kuanzia hapo tunaona miaka ya viraka: Dean Edwards akaandika programu ndogo iliyojaribu kuifundisha Internet Explorer ya zamani tabia za vivinjari vya kisasa, Angus Turnbull akasambaza faili la kutibu picha za PNG ukurasa mzima, baadaye Drew Diller akakwepa kichujio kabisa kwa kutumia VML, lugha ya michoro ambayo Microsoft na washirika wake waliipendekeza W3C mwaka 1998 na haikukubaliwa kuwa kiwango. Wote hao waliitoa kazi yao bure. Ukiwaza kwamba kampuni tajiri kuliko zote katika fani hiyo ilikuwa inasafishiwa makosa yake na watu wa kujitolea, unapata picha ya uchumi wa kidijitali ambayo vitabu vya kiada huiruka.

Viraka vile havikuwa vya bure kwa mtumiaji. AlphaImageLoader ilisimamisha uchoraji wa ukurasa hadi picha ipakuliwe, na ilitafuna kumbukumbu ya mashine kwa kila mahali picha ilipotokea, hata kama ni picha ileile iliyorudiwa mara ishirini. Kwenye ofisi ya London yenye waya wa kasi, hilo lilikuwa kero ya nusu sekunde. Kwetu, kabla ya mkondo wa SEACOM kutua Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, wakati kafe nzima ikigawana uzi mwembamba wa setilaiti, lilikuwa dakika zilizolipiwa kwa shilingi. Na kulikuwa na hitilafu nyingine, maarufu kwa mafundi na isiyojulikana kabisa kwa wakuu wa vyuo: kichujio kikiwekwa juu ya kipengele kilichopangiwa mahali maalumu kwenye ukurasa, viungo vilivyomo ndani yake huacha kubonyezeka. Huonekana, lakini havipokei mguso. Ni kama kioo kilichopachikwa juu ya kengele ya mlango.

Ndivyo kilivyokufa kitufe cha kijani. Aliyekitengeneza hakuwa mzembe. Alikuwa ametumia muda wa ziada ili watu wa Internet Explorer 6 nao waone kivuli laini, na katika kuwapa kivuli akawanyima kitufe.

Wakati huo palikuwa na mjadala mzito miongoni mwa mafundi wa tovuti ambao nadhani watumishi wetu wa umma wangefaidika kuufahamu. Shule ya kwanza ilisema: jenga kwa ajili ya kivinjari bora, kisha chini yake weka viraka ili vikongwe visianguke vibaya. Shule ya pili, iliyopewa jina na Steve Champeon na Nick Finck mwaka 2003, iligeuza mpangilio: anza na kilicho cha lazima, maandishi, fomu, kitufe cha kawaida kisicho na pambo, hakikisha kinafanya kazi kwenye mashine duni kuliko zote, halafu ongeza madoido kwa wenye uwezo wa kuyaona. Tofauti inaonekana ya mpangilio tu, lakini kwa maoni yangu ni tofauti ya falsafa ya utawala. Shule ya kwanza humchukulia mnyonge kama hitilafu ya kushughulikiwa mwishoni, bajeti ikibaki. Ya pili humweka mwanzoni. Kivuli cha kitufe si haki ya raia. Kitufe ni haki yake. Tovuti nyingi za umma nilizopata kuziona zimejengwa kana kwamba ni kinyume chake.

Serikali zenyewe zilikuwa wapi? Zilikuwa ndizo wateja wagumu kuliko wote. Januari 2010, baada ya Google na makampuni mengine kushambuliwa kupitia udhaifu wa Internet Explorer, mamlaka za usalama wa mitandao za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao watumie kivinjari kingine kwa muda. Huko Uingereza zaidi ya watu 6,000 walitia saini ombi la kuitaka serikali iachane na toleo la 6. Jibu lililotoka Julai 2010 lilisema, kwa ufupi, kwamba kuhama si jambo jepesi, kwamba mifumo yote ingepaswa kujaribiwa upya, na kwamba gharama ingekuwa kubwa kwa walipa kodi. Jibu hilo lilikejeliwa sana. Mimi sikulicheka. Ofisa aliyeliandika alikuwa anasema ukweli: mifumo ya ndani ya idara ilikuwa imejengwa kwa lugha ya nyumba moja, na sasa mwenye nyumba alikuwa anahama. Kosa lilifanyika siku ya kusaini mikataba, miaka kumi kabla, na aliyesaini huenda alikuwa ameshastaafu. Machi 2011 Microsoft yenyewe ilifungua tovuti ya kuhesabu siku za kufa kwa toleo lake la 6 na kuwahimiza watu waliache. Kichekesho kamili: muuzaji anamsihi mteja aache bidhaa, mteja hawezi.

Lakini mfano mkubwa zaidi ni Korea Kusini, na wanaharakati wetu wangefaa kuusoma kwa makini kwa sababu ulianza kwa nia njema ya kujitegemea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilizuia usafirishaji wa vivinjari vyenye ulinzi madhubuti wa siri. Vilivyouzwa nje vilikuwa na ulinzi dhaifu. Wakorea hawakukubali kufanya biashara ya benki kwa kufuli la kuchezea. Wakabuni mbinu yao wenyewe ya usimbaji, iitwayo SEED, na kwa kuwa vivinjari havikuijua, wakaiingiza kupitia programu za nyongeza. Netscape ilipokufa, ikabaki njia moja: ActiveX, iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer pekee. Sheria ikawalazimisha wananchi kutumia vyeti vya kidijitali vilivyotegemea njia hiyo katika benki, manunuzi na huduma za serikali. Nchi iliyotaka kujikomboa kutoka katika masharti ya Marekani ikajikuta imefungwa kwenye bidhaa moja ya kampuni moja ya Marekani, tena kwa sheria yake yenyewe.

Profesa wa sheria Kim Keechang wa Chuo Kikuu cha Korea aliongoza harakati zilizoitwa Open Web, akaenda mahakamani kudai haki ya wasiotumia Internet Explorer, na akashindwa. Kilichokuja kuitikisa serikali hakikuwa hoja za profesa. Mwaka 2014 watazamaji wa China walioupenda mchezo mmoja wa televisheni wa Kikorea walitaka kununua koti lililovaliwa na mhusika mkuu, na hawakuweza, kwa kuwa maduka ya Korea yalidai cheti na ActiveX. Rais Park Geun-hye akalizungumzia koti hilo hadharani. Sharti la vyeti vile lilikuja kuondolewa kabisa katika sheria Desemba 2020. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu kwa nini koti liliweza kufanya kile ambacho kesi haikuweza, na majibu yao yalikuwa ya kukatisha tamaa kwa namna ya kufundisha.

Turudi kwenye madoido, maana historia yake haikuishia na PNG. Kuanzia mwaka 2011 hivi ilizuka mtindo wa picha za kijivu zinazopata rangi mshale unapozigusa. Kila kampuni ilitaka picha za wafanyakazi wake ziwe hivyo. Misingi ya kitaalamu ilikuwepo siku nyingi. Kiwango cha michoro kiitwacho SVG, kilichopitishwa Septemba 2001, kilikuwa tayari na vichujio vya wazi, mali ya wote. Kuigeuza picha kuwa ya kijivu ni hesabu tu: chukua 0.2126 ya nyekundu, 0.7152 ya kijani na 0.0722 ya buluu, jumlisha. Kijani hupewa sehemu kubwa kwa sababu jicho la binadamu huupokea mwanga wake kwa urahisi zaidi. Firefox 3.5 ya mwaka 2009 iliruhusu vichujio hivyo vitumike kwenye ukurasa wa kawaida. Kisha likaandaliwa pendekezo la kiwango kifupi, mstari mmoja kama ule wa 1997. Chrome ikakitumia kuanzia 2012, Firefox mwanzoni mwa 2015.

Na Internet Explorer? Hapa historia ina mzaha wake. Toleo la 10, la mwaka 2012, liliamua kutubu: likafuta vichujio vya zamani vya nyumbani ili lifuate viwango. Ila halikuweka kiwango kipya mahali pake, wala toleo la 11 halikukiweka. Matokeo yake, kivinjari cha mwaka 1997 kiligeuza picha kuwa ya kijivu kwa neno moja, na mjukuu wake wa mwaka 2013 hakuweza. Fundi aliyetaka madoido hayo kila mahali alilazimika kuandika njia nne: kichujio cha kale kwa matoleo ya hadi 9, kiwango kipya kwa Chrome, kichujio cha SVG kwa Firefox, na kwa matoleo ya 10 na 11 aichukue picha nzima na kuifungia ndani ya mchoro wa SVG, au aisome pikseli kwa pikseli kwa programu na kuichora upya. Wale wanaodhani kwamba "kuhuisha mfumo" ni kupanda ngazi moja kwa moja, kila toleo likiwa na yote ya lililotangulia na ziada, waiangalie hiyo ngazi iliyokosa vidato viwili.

Kwa upande wetu wa dunia, wakati mafundi wa Ulaya wakihangaika na toleo la 10, kikongwe halisi hakikuwa Internet Explorer tena. Kilikuwa Opera Mini, iliyoanza kusambazwa duniani kote Januari 2006, na ambayo kwa watu wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe, ndani ya simu ya batani. Opera Mini ya siku hizo haikuuchora ukurasa kwenye simu. Seva za kampuni ziliusoma ukurasa mbali huko, zikazibana picha, zikaondoa mengi, kisha zikatuma mabaki mepesi. Vichujio vya picha havikuwemo; hata kona za mviringo hazikuwemo. Kwa mtazamo wa mbunifu wa madoido, hicho ni kivinjari kibovu. Kwa mtazamo wa mwenye kifurushi cha shilingi mia tano, kimeondoa hasa kile alichokuwa akilipia bila kukiomba.

Sisemi kwamba uzuri ni anasa ya mabwana. Watu wetu wanapenda madoido. Angalia kanga, angalia daladala zilivyokuwa zikichorwa. Ila mchoraji wa daladala hakuwahi kuchora juu ya mlango kiasi cha abiria kushindwa kuufungua. Mwaka jana nilikaa katika kamati ya tovuti ya taasisi moja, na mada iliyochukua saa mbili ilikuwa ukungu wa picha ya juu: uwe mwingi au kidogo. Nilipouliza fomu ya malalamiko imejaribiwa kwenye simu ipi, mtaalamu alinionyesha yake. Ilikuwa mpya, kioo chake hakina hata mkwaruzo. Nikaomba katika muhtasari iandikwe kwamba fomu ijaribiwe kwenye simu tano za wahudumu wa usafi wa jengo lile kabla ya kuzinduliwa. Iliandikwa. Katika simu mbili, kitufe cha kutuma hakikuonekana, na tovuti ikacheleweshwa wiki tatu, jambo lililowaudhi baadhi ya wajumbe hadi leo.

Internet Explorer iliondolewa rasmi tarehe 15 Juni 2022. Mwezi huo huo mhandisi mmoja wa Korea Kusini, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilimlazimu kukitumikia kivinjari hicho, alimchongea marehemu jiwe la kaburi na kulisimika juu ya paa la mgahawa wa ndugu yake katika mji wa Gyeongju. Maandishi yake yalimsifu marehemu kwamba alikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Picha zilienea duniani kote, watu wakacheka. Microsoft, kwa upande wake, ilikuwa imeshatangaza kwamba ndani ya kivinjari chake kipya, Edge, itaendelea kuhifadhi hali maalumu ya kufungua kurasa kama Internet Explorer hadi angalau mwaka 2029, kwa ajili ya taasisi ambazo mifumo yake bado haiwezi kuishi bila marehemu.